Hita ya gari

Hita ya gari ni mfumo unaopasha joto hewa iliyo ndani ya gari na kuondoa ukungu au barafu kwenye vioo. Katika magari mengi ya petroli na dizeli, hita haina chanzo chake cha moto. Hutumia joto la injini linalobebwa na maji ya rejeta. Kwa sababu hiyo hita ni tawi la mfumo wa kupoza injini, na hita inayopuliza hewa baridi inaweza kuwa dalili ya mapema kwamba maji ya rejeta yamepungua au hayazunguki vizuri. Dalili hiyo ikipuuzwa, injini inaweza kuchemka na kuharibika.

## Historia

Magari ya mwanzo hayakuwa na hita. Mengi yalikuwa wazi juu, na abiria walijikinga na baridi kwa makoti mazito na mablanketi. Magari yaliyofungwa kwa paa na vioo yalipoenea katika miaka ya 1920, ikawa na maana kuyapasha joto kwa ndani.

Mifumo ya kwanza ilitumia joto la ekzosi. Hewa ilipitishwa karibu na bomba la moshi, ikapata moto, kisha ikaingizwa miguuni mwa abiria. Ford Model A ya mwaka 1929 ilikuwa miongoni mwa magari yaliyoweza kufungwa hita ya namna hiyo. Njia hiyo ilikuwa rahisi, lakini joto lake halikutulia, na tundu dogo kwenye bomba lingeweza kuingiza moshi wenye sumu ndani ya gari.

Katika miaka ya 1930 hita za maji ya moto zilianza kuchukua nafasi yake. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa mfumo ulioingiza hewa safi kutoka nje, ukaichuja, ukaipasha joto kwa maji ya injini na kuisambaza kwa feni. Mfumo huo ulijulikana kwa jina la Weather Eye. Hita za magari ya leo bado zinafuata wazo hilohilo.

Kwa muda mrefu hita iliuzwa kama kifaa cha nyongeza. Baadaye ilihesabiwa pia kuwa kifaa cha usalama, kwa kuwa dereva asiyeona nje kwa sababu ya ukungu au barafu ni hatari kwake na kwa wengine. Nchini Marekani kanuni ya usalama wa magari namba 103 hulazimisha magari kuwa na mfumo wa kusafisha kioo cha mbele.

## Muundo

Sehemu kuu za hita ya maji ni hizi:

* Rejeta ya hita: rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto hupita ndani ya mirija yake myembamba.
* Mipira ya hita: mipira miwili inayopita kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Mmoja huleta maji ya moto, mwingine huyarudisha.
* Vali ya hita: bomba la kufungua na kufunga maji yanayoingia kwenye rejeta ya hita. Magari mengi mapya hayana vali hii.
* Feni ya hita: hupuliza hewa kupitia rejeta ya hita. Kwa kawaida ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na kiyoyozi.
* Vilango vya hewa: vibao vidogo vinavyofunguka na kufunga ndani ya dashibodi. Kimoja huchanganya hewa ya moto na baridi, vingine huelekeza hewa kwenye kioo, usoni au miguuni.
* Chujio la hewa ya ndani: huzuia vumbi lisiingie kwa abiria. Magari ya zamani mara nyingi hayana.

Hita hutegemea pia sehemu za mfumo wa kupoza injini, hasa pampu ya maji na themostati.

## Utendaji

Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya nishati yake haigeuki kuwa mwendo. Hutoka kama joto, sehemu moja kupitia ekzosi na nyingine kupitia maji yanayozunguka ndani ya injini. Pampu ya maji huyasukuma maji hayo. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ya kwenda rejeta kubwa ili maji yapate moto haraka. Yakifikia kiasi cha nyuzi 80 hadi 95 za selsiasi, kutegemea gari, themostati hufunguka na maji huanza kupozwa kwenye rejeta kubwa.

Njia ya kwenda rejeta ya hita haizibwi na themostati hiyo. Maji hupita huko hata injini inapokuwa bado inapata moto, na ndiyo maana hewa huanza kuwa vuguvugu baada ya dakika chache za mwendo. Kukosa joto mara tu baada ya kuwasha gari si hitilafu. Injini za dizeli za kisasa huchelewa zaidi kupata moto kwa kuwa hupoteza joto kidogo, kwa hiyo baadhi ya magari hayo huongezewa hita ndogo ya umeme.

Hita inapowashwa huchota joto kutoka kwenye maji ya injini. Hivyo rejeta ya hita ni rejeta ya pili. Injini ikianza kuchemka katika foleni au mlimani, kuwasha hita hadi mwisho na kuongeza kasi ya feni husaidia kuipunguzia joto hadi dereva apate mahali salama pa kusimama.

## Sababu za hita kutotoa hewa ya moto

### Hewa haitoki kabisa

Hewa isipotoka, tatizo ni la umeme au la njia ya hewa. Huenda fyuzi imeungua, mota ya feni imekufa, au waya umekatika. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu peke yake kwa kawaida imeungua rezista yake ya kupunguza kasi. Hewa inayotoka kwa unyonge hutokana mara nyingi na chujio lililojaa vumbi au majani.

### Hewa inatoka lakini ni baridi

Maji kupungua. Hii ni miongoni mwa sababu za kawaida, na ndiyo hatari zaidi. Rejeta ya hita mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingi za mfumo, hivyo maji yakipungua yenyewe hukosa mapema. Maji hupungua kwa sababu ya mpira uliopasuka, rejeta inayovuja, pampu iliyochakaa au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Hewa iliyonaswa. Baada ya maji kubadilishwa, kiputo cha hewa kinaweza kubaki kwenye rejeta ya hita na kuzuia maji kupita. Dalili yake ni sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi.

Themostati iliyokwama wazi au kuondolewa. Maji huenda moja kwa moja kwenye rejeta kubwa na injini haifikii joto lake. Hita hutoa hewa vuguvugu tu, hasa gari linapokimbia asubuhi ya baridi, na geji ya joto hubaki chini.

Rejeta ya hita kuziba. Kutu, chokaa na matope hujaa kwenye mirija myembamba. Dawa za kuziba matundu ya rejeta zinaweza pia kuiziba.

Vali ya hita kukwama. Vali ikikwama ikiwa imefungwa, maji hayaingii kabisa. Mara nyingine ni kebo au mpira wa kuiendesha uliochomoka.

Kilango cha kuchanganya hewa kukwama. Maji ni ya moto, lakini hewa haipitishwi kwenye rejeta ya hita. Sauti ya tik-tik nyuma ya dashibodi wakati wa kubadilisha joto huashiria gia ya plastiki iliyovunjika katika mota inayokiendesha. Kukiwa na mota mbili, upande wa dereva unaweza kuwa moto na wa abiria baridi.

Pampu ya maji dhaifu. Mapanga yake yakiliwa na kutu au yakilegea kwenye mhimili wake, maji hayasukumwi kwa nguvu. Hita hupata moto mizunguko ya injini inapoongezeka na hupoa gari linaposimama huku injini inaunguruma. Maji yaliyopungua huleta dalili hiyohiyo.

Gasketi ya silinda hedi. Ikiungua, gesi za moto huingia kwenye maji na kuunda viputo. Hita huwa moto na baridi kwa zamu, maji hupungua bila tone kuonekana chini, na moshi mweupe unaweza kutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imeshapata moto.

## Uchunguzi

Fundi huanza na mambo yasiyohitaji kufungua kitu, kisha huendelea na yale magumu.

1. Kiasi cha maji. Huangaliwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwenye rejeta na kwenye tangi la akiba. Tangi linaweza kuonekana limejaa huku rejeta ikiwa tupu, kama kifuniko kimechoka au mpira unaoviunganisha umeziba. Maji yakiwa yamepungua, kuongeza peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane yalikokwenda.
2. Geji ya joto. Injini huachwa ipate moto. Geji ikikaa chini muda mrefu, themostati ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikipanda kupita kawaida, injini huzimwa.
3. Mipira miwili ya hita. Injini ikiwa na moto na hita ikiwa imewekwa kwenye joto la juu, mipira hupimwa kwa kipimajoto cha miale, au kwa kuigusa haraka kwa tahadhari, mbali na feni na mikanda.
4. Sauti za dashibodi. Swichi ya joto huzungushwa kutoka baridi hadi moto huku fundi akisikiliza kama kilango cha hewa kinasogea.

Hatua ya tatu hugawanya tatizo vizuri:

| Hali ya mipira | Maana yake |
|---|---|
| Yote miwili ni ya moto | Maji yanapita. Tatizo liko kwenye vilango vya hewa, swichi au chujio |
| Mmoja wa moto, mwingine baridi | Maji hayapiti. Rejeta ya hita imeziba, vali imefungwa au hewa imenaswa |
| Yote miwili ni vuguvugu | Injini haifikii joto lake. Themostati ichunguzwe |
| Yote miwili ni baridi na geji iko juu | Maji yamepungua au pampu haisukumi. Injini izimwe mara moja |

### Geji inayodanganya

Kihisio cha joto katika magari mengi kimetengenezwa kupima kikiwa ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, hubaki kikipima mvuke au hewa, na geji inaweza kuonyesha joto la kawaida au hata kushuka huku chuma cha injini kikizidi kupata moto. Kwa dereva aliye njiani, hita ni shahidi mwingine. Hita iliyokuwa ikitoa hewa ya moto ikigeuka baridi ghafla bila swichi kuguswa, huenda maji yamekwisha. Gari husimamishwa na injini huzimwa hata kama geji haijapanda. Kuendelea kilomita chache kunaweza kupinda silinda hedi, na gharama ya mpira mmoja ikawa gharama ya injini nzima.

## Matengenezo

Hewa iliyonaswa hutolewa kwa kujaza maji polepole, gari likiwa limeinuliwa upande wa mbele na hita ikiwa imewekwa kwenye joto la juu ili vali ifunguke. Baadhi ya injini zina skrubu maalumu ya kutolea hewa.

Rejeta ya hita iliyoziba huoshwa kwa kuchomoa mipira yake miwili na kupitisha maji safi kutoka upande wa kutokea. Nguvu ya maji isiwe kubwa, kwa kuwa mirija ya rejeta chakavu hupasuka kwa urahisi. Ikishindikana, hubadilishwa, na katika magari mengi kazi hiyo hudai kufungua dashibodi yote. Themostati ni nafuu zaidi. Hubadilishwa pamoja na gasketi yake, kwa kutumia ya kiwango cha joto kilichowekwa na mtengenezaji.

Maji ya rejeta yanayofaa ni mchanganyiko wa maji yasiyo na chumvi na kulanti. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wenye ethilini glaikoli hauwezi kuganda hadi kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri. Katika nchi zisizo na barafu kulanti bado ina kazi, kwa sababu huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Huisha nguvu kwa muda, hivyo hubadilishwa kwa kufuata kitabu cha gari.

## Usalama

* Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Mfumo hushikilia mgandamizo wa takriban bar 1 juu ya ule wa hewa, na ndani yake maji matupu huweza kufikia karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, huchemka papo hapo na kuruka usoni.
* Maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyochemka. Chuma kinaweza kupasuka.
* Kulanti ni sumu. Ethilini glaikoli ina ladha tamu inayovutia watoto na mbwa, na huharibu figo. Iliyomwagika husafishwa, na chupa yake huwekwa mbali na watoto.
* Harufu tamu ndani ya gari, pamoja na ukungu wenye mafuta kwenye kioo au zulia lililolowa upande wa abiria, huonyesha kuwa rejeta ya hita inavuja.
* Injini haiachwi ikiunguruma ndani ya gereji iliyofungwa ili kupata joto. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Vivyo hivyo jiko la mkaa haliwekwi ndani ya gari hita inapoharibika.

## Afrika Mashariki

Kwenye miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, dereva anaweza kukaa miaka bila kuhitaji hita. Kwenye nyanda za juu hali ni tofauti. Limuru, Nyahururu na Eldoret nchini Kenya, na Njombe, Makete na Mbeya nchini Tanzania, hupata baridi kali kati ya Juni na Agosti. Uwanda wa Kitulo hupata hata sakitu, yaani umande ulioganda. Katika barabara zenye ukungu na mvua, kama Nairobi–Nakuru karibu na Kinungi au Mbeya–Tukuyu, hita huhitajika hasa kwa ajili ya kioo. Hewa ya moto ielekezwe kwenye kioo, ichukuliwe kutoka nje badala ya kuzungushwa ndani, na kiyoyozi kiwashwe pamoja nayo, kwani hukausha unyevu wa hewa.

Magari mengi ya eneo hili huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na huja na hita kamili. Baadaye hita huharibiwa na mazoea matatu ya gereji.

La kwanza ni kuondoa themostati gari linapochemka. Kufanya hivyo huficha chanzo cha tatizo. Injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema.

La pili ni kutumia maji ya bomba au ya mtoni bila kulanti. Chumvi zake na kutu huziba rejeta ya hita. Tena, kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Jijini Nairobi maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lenye kifuniko cha rejeta kilichochoka huchemka kwa urahisi zaidi huko kuliko pwani.

La tatu ni kuunganisha mipira miwili ya hita moja kwa moja pale rejeta ya hita inapovuja. Injini huendelea kupozwa, na kwa dharura ni njia inayokubalika. Lakini gari hubaki bila hita, na mnunuzi anayefuata huenda asiambiwe. Kwa hiyo mtu anayekagua gari lililotumika hufaidika kwa kuwasha hita hata kama jua ni kali. Hita yenye moto wa kutosha huonyesha kuwa maji yapo na yanazunguka.

## Magari yasiyotumia hita ya maji ya injini

Injini zinazopozwa kwa hewa hazina maji ya rejeta. Volkswagen Beetle ilipasha hewa kwa kuipitisha kwenye visanduku vilivyozunguka mabomba ya ekzosi. Visanduku hivyo vikitoboka, moshi unaweza kuingia kwa abiria.

Katika magari ya mseto kama Toyota Prius, injini hujizima mara kwa mara. Hita ikihitaji joto, injini inaweza kujiwasha hata gari likiwa limesimama, na hilo si hitilafu.

Magari ya umeme hayana joto la injini la kutumia. Baadhi hutumia hita ya umeme inayofanana na ile ya nyumbani, ambayo hupunguza umbali unaoweza kusafiriwa kwa chaji moja. Mengine hutumia pampu ya joto, ambayo ni kama kiyoyozi kinachofanya kazi kinyume. Nissan Leaf ilianza kupatikana na pampu hiyo kuanzia toleo la 2013, na Tesla Model Y iliitumia ilipotoka mwaka 2020. Katika magari haya uchunguzi wa hita huachiwa fundi aliyefundishwa, kwa kuwa hutumia umeme wa volti nyingi unaoweza kuua.

## Tazama pia

* Injini
* Rejeta
* Kiyoyozi
* Monoksidi ya kaboni